Maji ya Mama Pasi na Uzi wa Mgeni

Mama Pasi hakuwa mshirikina. Hilo alilisema mwenyewe, tena mara nyingi kuliko alivyoulizwa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipiga pasi mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali, na miaka yote hiyo alikuwa na chupa yake ya plastiki, kifuniko kimetobolewa kwa sindano ya moto. Shuka la pamba bila kunyunyiziwa maji halinyooki, kila dobi anajua. Ila maji ya Mama Pasi hayakuwa ya bomba hivi hivi. Kila Ijumaa asubuhi aliyaweka mbele ya redio wakati mhubiri wake akiomba, na amina ya mwisho ikishatoka tu, alikifunga kifuniko haraka ili maombi yasitoke. Kisha aliyabeba kazini akawanyunyizia afya watu wasiomjua. Hakudai shukrani, wala hakuona hapo jambo la ajabu hata chembe.

Ndipo akaletwa mwanamke wa kukunja mashuka. Jina alikuwa nalo, lakini siku ya kwanza mtu alimwita Mgeni, likamganda. Alikuwa mjane wa watoto watatu, mpole, mwenye mikono myepesi, na alikuwa bado katika miezi ya majaribio. Pamoja na kukunja, alikagua mapindo: uzi uliofumuka aliukata au aliufunga. Mama Pasi alimpenda. Alimwonyesha jiko la chai lilipo, akamfundisha kulikwepa toroli lenye gurudumu bovu.

Jumatatu moja, Mama Pasi akipiga pasi mashuka ya wodi namba nne, alihisi kitu kama punje chini ya pasi. Akageuza pindo. Kulikuwa na fundo dogo la uzi mweupe, limezungushwa mara saba kwa ustadi ambao haukuwa wa bahati mbaya. Akachukua shuka la pili, likawa nalo kwenye pembe ileile. La tatu vilevile. Na wodi namba nne ndiko alikolazwa dada yake mkubwa, mapafu yake yakiwa yamemchosha wiki ya tatu sasa.

Alimuuliza Mgeni, naye hakuficha. Alisema kwao nyuzi hufungwa hivyo kwenye matandiko ya mgonjwa, maneno yakisemwa polepole, ili roho yake isitoke kutembea akiwa usingizini ikapotea. Aliyasema kama mtu anayeeleza kwamba chumvi hutiwa mwishoni.

Damu ilimchemka Mama Pasi. Uchawi! Tena kitandani kwa dada yake! Mtu mzima, mwenye akili timamu, anaamini roho ya binadamu inazuiliwa na uzi wa cherehani! Aliyabana mashuka matatu kwapani, akashika njia hadi ofisini kwa msimamizi, na njiani akawasimulia wafagiaji wawili waliokuwa hawajamuuliza.

Msimamizi alikuwa mwanamke wa miwani na maneno machache. Alimwita Mgeni, akawasikiliza wote wawili, akaandika. Alitaka kujua kila kitu kinachotiwa kwenye mashuka, kwa hiyo akauliza na habari za ile chupa. Mama Pasi aliieleza kwa fahari. Halafu msimamizi akasoma alichoandika: mfanyakazi wa kwanza huweka maji mbele ya redio kisha huyanyunyizia mashuka ili wagonjwa wapone, mfanyakazi wa pili hufunga uzi kwenye mashuka ili wagonjwa wapone.

Mama Pasi alihisi amevuliwa nguo hadharani. Redio! Kama vile yeye ni mtu wa kuabudu redio! Alimwambia msimamizi afute sentensi hiyo, aandike maji yaliyoombewa.

"Na huyu ameniambia niandike uzi ulioombewa," msimamizi akasema.

Kisha akaeleza kanuni ilivyo, na mimi ninayesimulia nakiri kanuni hiyo inaniudhi mpaka leo. Maombi hayakukatazwa. Uganga ulikatazwa, na aliye kwenye majaribio akiufanya anaondoka siku ileile. Aliyeiandika alikuwa na hakika kwamba lake ni maombi na la jirani ni uganga, wala hakuona haja ya kueleza tofauti.

"Mama, wewe ndiye mkongwe hapa," msimamizi akasema. "Ukiniambia haya mawili ni jambo moja, nawakataza wote wawili, nawapa onyo, mnarudi kazini. Ukisema ni mambo mawili, huyu hana kazi. Ni jambo moja?"

Mgeni hakulia. Alisema kwamba yeye amelelewa hivyo, kwamba amewaona watu wakipona, kwamba anajua moyoni ni kweli. Kisha akamtazama Mama Pasi. Kilichotakiwa ni neno moja tu, lakini neno hilo lingemaanisha kwamba kwa miaka kumi na tisa amekuwa akibeba maji ya bomba.

"Ni mambo mawili," Mama Pasi akasema.

Mgeni alivua aproni, akaikunja vizuri kama alivyokunja kila kitu, akaiacha mezani.

Saa za kuwatazama wagonjwa zilipofika, Mama Pasi alikwenda wodini, chupa na mkasi vikiwa katika mkoba mmoja. Alimsimulia dada yake yote, bado akihema kwa hasira, akaanza kutafuta pembe ya shuka. Dada akaiwekea mkono.

"Liache. Alikuja mwenyewe kulitandika. Aliniuliza jina la mama ili alitaje akifunga. Akataja na la kwako."

"La kwangu la nini?"

"Alisema wewe ndiye unayeninyooshea mashuka."

Alitaka kujua dada yake amekubalije upuuzi huo. Dada alisema amekubali kama anavyokubali kunyunyiziwa. Ukilala hapa mchana kutwa, unahisi unyevu, unahisi fundo, unajua umependwa, basi. Hayo mengine hakuwahi kuyaamini, ila hakutaka kumuumiza mdogo wake.

Hilo lilimchoma kuliko yote. "Yangu ni tofauti," akasema.

"Tofauti gani, mdogo wangu?"

Akafungua mdomo. Alitaka kusema kwamba amelelewa hivyo. Hilo lilikwisha kusemwa asubuhi ile ofisini. Alitaka kusema amewaona watu wakipona. Hilo pia. Likabaki kwamba anajua moyoni ni kweli, na alipolifikia alikumbuka sauti iliyolisema na macho yaliyomtazama baadaye. Akaufunga mdomo. Alimkasirikia dada yake, akamkasirikia msimamizi, na zaidi ya wote akamkasirikia Mgeni kwa kuyatumia majibu yake kabla yeye hajayahitaji.

Fundo hakulikata. Lakini ofisini pia hakwenda kusema alichopaswa kusema, si siku hiyo wala kesho yake. Kesho yake aliwasha pasi kama kawaida, akaitikisa chupa, akalivuta shuka la kwanza la wodi namba nne. Pindo lilikuwa limefumuka, nyuzi zinaning'inia. Akamwita Mgeni aje afunge, kabla hajakumbuka.