Siku Kondoo wa Sande Skuli Alipigwa Mnada

Enzi zetu (na mama yangu aache kucheka, hata mtu wa miaka ishirini na mbili ako na enzi zake), Sande skuli ilikuwa stoo. Stoo kabisa, nyuma ya kanisa, hapa Meru, juu ya Kinoru. Tulikaa juu ya mbao za fundi tukinusa simiti na viazi, na ukikaa vibaya unaenda nyumbani na sketi imetobolewa na msumari. Lakini hiyo stoo tuliipenda sana, kwa sababu tulijua ni nini kilikuwa upande ule mwingine wa ukuta: mahubiri ya watu wazima. Mhubiri anasema sentensi moja kwa Kimeru, mwingine anairudia kwa Kiingereza, halafu yule wa kwanza anakumbuka kitu kingine. Ukisinzia, mama anakufinya paja huku akiangalia mbele na kutabasamu kama malaika. "Ngoja tufike nyumbani," anasema bila kufungua mdomo.

Ticha wetu aliitwa Kawira. Alikuwa amemaliza form four na alikuwa anangoja kuenda chuo. Hakuna mtu aliwahi kumfundisha vile masomo ya watoto yanapangwa. Yeye alipanga tu. Siku ya safina alitujaza wote kwa mkokoteni. Siku ya kuta za Yeriko tulizunguka choo cha kanisa tukipiga debe na kelele, na shemasi mmoja alikuwa ndani. Alitoka mbio, mkanda mkononi.

Hiyo ya choo ndiyo ilileta shida. Mzee Mbaabu, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alikuja stoo na suti yake ya kijivu, akasimama mlangoni.

"Kawira, hawa watoto wanajua kelele tu. Jumapili ya mavuno wazee watawaangalia. Tukiona hakuna kitu wamejifunza, stoo inafungwa, warudi ndani kwa mama zao."

Gakii, mdogo kuliko sisi wote lakini mdomo ndio huo, alianza kulia hapo hapo akishika paja.

Basi Kawira akapanga somo la kondoo aliyepotea. Si picha, kondoo mwenyewe. Alimwomba juju wake, yaani nyanya yake, kondoo mmoja mnene, amfiche nyuma ya tangi la maji. Sisi tungetafuta kila mahali, tumpate, tuingie naye kanisani tukiimba, wazee waone. Tulifanya mazoezi mpaka Gakii akawa anajibu maswali akiwa amelala. Kawira anauliza, "Mchungaji alimpata kondoo, akafanya nini?" Sisi tunapiga kelele, "Akambeba mabegani!"

Kitu kimoja tu Kawira alisahau, na sijui mtu wa Meru anawezaje kukisahau. Siku ya mavuno, chochote kiko kwa kiwanja cha kanisa ni sadaka. Watu wanaleta ndizi, nduma, kuku wamefungwa miguu, halafu vyote vinapigwa mnada hapo nje. Hakuna mtu huuliza kuku ni wa nani.

Ibada ikaisha, tukatumwa kutafuta kondoo. Tukaangalia chooni, kwa chumba cha kwaya, hata chini ya gari la pasta. Tukafika kwa tangi. Hakuna kondoo.

"Jamani, kondoo amepotea!" Kawira akasema, mikono kichwani.

"Amepoteaaa!" tukajibu kwa furaha.

"Hapana, amepotea kweli! Juju ataniua!"

Tulimpigia makofi. Tulidhani ni drama, na alikuwa anaifanya vizuri sana.

Ndipo tukasikia sauti ya mwenye mnada. "Baite, watu wangu, angalieni huyu kondoo! Mnene, mpole, ameokoka! Nani anaongeza?" Mwenye bucha alikuwa ameinua mkono. Mzee Mbaabu akainua wake juu zaidi, hakuna mwingine aliongeza, akapewa kamba.

Tulikimbia kama wazimu. Gakii alifika kwanza, akashika kondoo shingo, na sisi wengine tukashika popote tulipata. Kawira akafika nyuma yetu akihema.

"Hii nayo ni nini?" Mzee Mbaabu akauliza.

Gakii akamwangalia. "Ni kondoo aliyepotea. Wewe ndio umempata?"

"Ndiyo, nimempata."

"Sasa mbebe mabegani."

Kwanza ni akina mama walicheka. Halafu wakaanza kuimba na vigelegele, na mama wakishaimba hapa kwetu hakuna mwenyekiti anaweza kukataa. Mzee Mbaabu aliinama, akasaidiwa na mwenye bucha, akainuka na kondoo mabegani. Alizungushwa kanisa lote, sisi nyuma tukiimba. Karibu na mlango kondoo alichoka na hiyo heshima, akamaliza haja yake yote kwa suti.

Mzee alisimama, akajifuta shingo na kitambaa. "Kawira, rudishia nyanya yako kondoo. Hawa watoto wamejifunza. Stoo haifungwi. Lakini mimi, usinifundishe tena."

Siku hizi mimi ndio ticha. Stoo ilibomolewa, tuko na chumba cha vigae, viti vya rangi na skrini kubwa. Masomo ya mwaka mzima yanapangwa na kamati na kutumwa kwa WhatsApp. Juzi ilikuwa zamu ya kondoo aliyepotea. Wakaangalia katuni, dakika chache tu, wamemaliza.

"Ticha," kijana mmoja akauliza, "si wangemwekea tracker?"

Nikawaambia tutoke nje tucheze hiyo hadithi. Wakaangalia viatu vyao vyeupe, wakaangalia dirisha. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha matope mazuri sana, mekundu, ya kukimbilia. Mmoja akaniuliza kwa heshima kama tunaweza kuangalia hiyo katuni mara ya pili.