Choo cha Kitwana kule Katindo

Goma, mwenye nyumba hakuulizi unafanya kazi gani. Anakuuliza una watoto wangapi, na ukimjibu ukweli, anafunga mlango. Si kwamba anachukia kelele. Anahurumia choo chake! Mji wote umekaa juu ya mwamba wa volkano, na kuchimba shimo la choo ni miezi ya nyundo na tindo, kwa hiyo mwenye nyumba hahesabu watu, anahesabu makalio. Mtanisamehe lugha, lakini sitawapakia sukari.

Sasa sikieni hii: Kitwana mwenyewe alikuwa mchimba vyoo. Baba yake alitoka Maniema na mizigo ya vitenge, ila yeye hakurithi biashara, alirithi mabega. Nusu ya vyoo vya Himbi, vile vya majumba yanayotazama ziwa, mashimo yake aliyatoboa yeye, halafu akatoka kwa mlango wa nyuma, asije akachafua vigae.

Mwezi wa kwanza mwaka wa elfu mbili na mbili mlima ulipasuka. Moto ukashuka katikati ya mji ukameza nyumba ya mbao aliyokuwa anapanga, na vyote vilivyokuwa ndani. Kuluthumu, mke wake, alikimbia na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Kitwana alikimbia na nyundo. Mpaka leo mama huyo hajamsamehe kwa godoro.

Baada ya hapo, nyumba zilizobaki zimesimama ziligeuka dhahabu. Mashirika ya misaada yalikuja na magari meupe na dola, na wenye nyumba wakajifunza kutaja dola kabla ya salamu. Waasi waliokuwa wanatawala mji nao wakajichagulia walizozipenda bila kumuuliza mtu. Ptu! Watu walikuwa hawajamaliza kuzika, tayari bei ya chumba imepanda mara tatu.

Kitwana na familia yake walijibana kwenye kibanda cha mbao, juu ya mawe ambayo yalikuwa bado na joto. Choo cha kuazima kilikuwa mbali, na kwenye njia ya kwenda huko jioni walikaa watu wenye bunduki. Siku moja Jamila, binti yao mkubwa wa miaka kumi na mitatu, alirudi mbio, mguu mmoja hauna kandambili. Siku ya tatu alimwambia mama yake kwamba walimshika mkono tu, akajinasua. Tangu siku hiyo Jamila alikuwa hanywi maji baada ya saa sita mchana, na Kitwana akawa anatafuta kitu kimoja duniani: nyumba yenye choo ndani ya ua. Sebule hakutaka. Dari hakutaka.

Alimchukua komisionere, kijana anayeitwa Paulin, dalali wa nyumba anayelipwa kila akikuonyesha mlango, hata kama ndani kuna watu wanakula. Milango kumi na moja walipiga hodi.

"Uko na batoto ngapi?"

"Batano."

"Aah, papa. Choo itajaa."

Paulin akamshauri afiche watatu. "Nibafiche wapi?" Kuluthumu akamuuliza. "Mu sufuria?"

Mlango wa kumi na mbili ndio ulikuwa wa muzee Mirindi. Karani mstaafu, mwenyewe anakaa Himbi, ila alikuwa na nyumba ya mbao ya vyumba viwili huku Katindo. Rozari mkononi, kijiti cha meno mdomoni. Alikuwa na tabia ya kukitoa kile kijiti, kukikagua kilichonaswa, na kukirudisha. Kitwana alishindwa kutazama kwingine.

"Nyumba haina choo," muzee akasema. "Weye unajua kuchimba. Chimba, ukae mwaka muzima bila kulipa. Na batoto bako bote."

"Tuandike karatasi, muzee."

Mirindi akakunja uso. "Papa Kitwana, tuko watu wazima. Karatasi ni ya wezi. Mimi ni mukristu."

Na Kitwana, mtu mzima na ndevu zake, akakubali! Mtu akitafuta choo kwa ajili ya binti yake, akili inakaa kando. Wakahamia juma hilohilo.

Alichimba miezi minne. Asubuhi alichimba vya watu ili watoto wale, mchana alichimba chake. Alichoma matairi juu ya mwamba ili upasuke, akatema makohozi meusi, kipande cha jiwe kikamwingia jichoni na Kuluthumu akakitoa kwa ncha ya ulimi. Watoto walibeba mawe kwa karai. Shimo lilipopita kimo cha watu wawili, akalifunika mbao, akajenga kibanda na mlango. Jamila alikwenda mwenyewe sokoni kununua ndoano ya kufungia kwa ndani. Akaipigilia, akafunga, akafungua, akafunga tena, na baba yake akisimama nje akimsikia anacheka peke yake humo ndani. Jioni hiyo Jamila alikunywa maji vikombe viwili.

Siku tisa walikitumia.

Siku ya kumi muzee Mirindi alikuja na bwana wa shirika, viatu vinang'aa. Hakumsalimia mtu. Alifungua mlango wa choo, akamulika tochi chini, akatabasamu kwa kina alichokiona.

"Papa Kitwana, huyu bwana anachukua nyumba. Bei imebadilika, nyumba sasa iko na choo. Nakupatia majuma mbili."

"Na ule mwaka?"

"Mwaka gani? Uko na karatasi?" Kijiti kikatoka, kikakaguliwa, kikarudi. "Na ukataze batoto bako. Basinijazie shimo ya bure."

Kitwana alikwenda kwa shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa ule, naye akamuuliza karatasi. Akarudi nyumbani, akakaa juu ya rundo la mawe yake. Lile neno, *basinijazie*, lilikuwa limemkaa kichwani. Mtu anakula jasho lako miezi minne, halafu anakuhesabia haja za watoto wako!

Kesho yake alfajiri alifungua lango la ua, likabaki wazi. Alimwita kwanza mama Nabintu, jirani wa upande wa juu, ambaye choo chake kilikuwa kimejaa tangu mlima ulipopasuka.

"Njoo, mama. Leta na ndoo. Mwaga yote."

"Yote, papa?"

"Yote. Ambia na wengine."

Walikuja. Walikuja wakimbizi wa vita waliokuwa wanalala kwenye madarasa ya shule ya nyuma. Walikuja wenye vyoo vilivyojaa, na ndoo, na madumu yaliyokatwa, wameziba pua kwa vitenge. Kitwana alisimama langoni akiwakaribisha kama baba wa harusi: karibu mama, karibu papa, pitia huku. Nzi wakawa weusi ukutani. Kuluthumu alivuta mtandio mpaka machoni.

"Kitwana, unatuaibisha."

"Aibu ni yake."

Lakini siku ya nne, alipoona uchafu umefika pale alipotoboa ule mwamba mgumu uliomla wiki tatu, alikwenda nyuma ya nyumba akatapika. Akafuta mdomo, akarudi langoni. Siku ya kumi na mbili shimo lilijaa mpaka kwenye mbao. Jamila aling'oa ndoano yake, akaiosha kwa majivu, akaifunga kwenye kitambaa.

Siku ya kuhama, bwana wa shirika alikuja na muzee Mirindi, akafungua mlango ule kwa mkono wake mwenyewe. Alirudi kwenye gari anatembea haraka, amejiziba mdomo, na kijiti cha muzee Mirindi kikaanguka. Avenyu nzima ilicheka.

Kicheko hakina paa. Walirudi kwenye kibanda kilekile, njia ileile, na Jamila akaacha tena maji ya mchana. Mwezi mmoja baadaye muzee Mirindi alitokea mlangoni, rozari mkononi, na kalamu.

"Papa Kitwana, nyumba inanuka, hakuna mutu anaitaka. Wachimbaji wote banasema banakuogopa weye. Rudi, uchimbe ingine. Tutaandika. Miaka mbili."

Kitwana alikuwa na mate mdomoni tayari. Alimtazama kwa kinyaa, yeye na kijiti chake kipya. Halafu akamwona binti yake amekaa kwenye kona, magoti amebana, midomo imekauka, anangoja baba yake aseme nini. Akameza yale mate. Akaweka saini, huku akijiona naye ananuka.

Walilifunika shimo la kwanza kwa mawe yaleyale, na Kitwana akapima jipya upande wa pili wa ua.

"Papa, itachukua miezi ngapi?" Jamila aliuliza.

"Ine, kama ile ya kwanza."

"Na sasa naenda wapi?"

"Kwa mama Nabintu. Yake iko safi. Sisi ndio tuliisafisha."

Jamila alichukua birika akazunguka ukuta. Kitwana alisikia anapiga hodi, akasikia mlango unafunguliwa, na sauti ya mama Nabintu, sauti ya upole kabisa:

"Ingia, binti yangu. Lakini niambie kwanza: kwenu muko batoto ngapi?"