Mwano Nilioupiga Ziba

Mkinicheka sitanuna, maana hata mke wangu Zuhura mpaka leo nikichelewa kurudi kutoka dukani ananiuliza kama nimekamatwa tena. Ila mcheke mkijua kwamba siku ile kuna mtu alikaribia kufa kwa sababu yangu, mtu mwema kuliko mimi, na ndiyo maana nikifika katikati ya kisa hiki sauti hunikauka. Mniwie radhi mapema.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mtendeni, na mnajua cherehani linataka mikono na macho tu, masikio yanabaki hayana kazi, kwa hiyo redio yangu ilikuwa inaongea tangu nafungua duka mpaka nafunga, na simu imeegemea kopo la vifungo, na kila kilichotoka humo kilikuwa kibaya: mafuriko, basi limepinduka, ugonjwa mpya, vita huko mbali (nilikuwa sijui hata iko wapi nchi yenyewe lakini nilikuwa naililia). Halafu yakaja ya watoto. Watoto wanaibwa, gari jeupe, mchana kweupe, mtu mpole tu amevaa vizuri anambeba mtoto na kumtia ndani. Kundi letu la mtaa kwenye simu likawa halilali, mara sauti ya mama analia, mara picha ya gari, na mwisho wa kila ujumbe unaambiwa watumie wote uwapendao. Mimi nawapenda watu wengi, nikawatumia wote.

Nilikuwa naogopa, jamani. Siyo woga wa kusimuliana tukacheka, ni ule unaokukalia kifuani unashindwa hata kumeza chai. Wanangu nikawa nawasindikiza mpaka mlango wa darasa, nasimama dirishani mpaka mwalimu anakuja kuniuliza, mzee, na wewe umejiandikisha? Salma, binti yangu wa mwisho, akizunguka tu nyuma ya nyumba nisimwone, naita mpaka majirani wanatoka na miiko mikononi. Kazini nako ndiyo usiseme, gauni la mama mmoja wa harusi nililishona mkono wa kushoto kulia na wa kulia kushoto, akalivaa hivyo hivyo kwa sababu ya muda, akawa anakwenda kama mtu anayesukumwa.

Ndipo Zuhura akaniambia, "Baba Salma, wewe unaumwa habari. Nenda Ziba kwa dada yako ukapumzike. Na hiyo simu iache hapa kwangu."

Nikakubali yote mawili, nikatekeleza moja. Simu niliiviringisha ndani ya soksi nikaisukumia chini ya begi, na yote yaliyonipata yalitoka kwenye soksi ile.

Dada Hadija ameolewa Ziba na Masanja, mkulima wa pamba na mfugaji, mtu mrefu wa maneno machache, na ni mmoja wa wakubwa wa sungusungu, walinzi wa jadi pale kijijini. Wana mapacha wa kike, Kulwa na Doto, ambao ndio kwanza wanaanza shule. Nilipofika Kulwa alikuwa amevaa gauni jekundu nililomshonea mwenyewe, na nikasema moyoni, hapa kweli nitapona. Nikapalilia, nikanywa maziwa ya mgando, nikalala usingizi mzito kama mtoto. Mchana mmoja tunakula, nikamuuliza Masanja kwa utani kama huku wezi hawafiki.

"Wanafika," akasema. "Lakini kuna mwano."

Akanieleza taratibu kama anavyoelezwa mtu wa mjini. Ukiona mwizi au hatari yoyote, unapiga ule ukelele mrefu, mkono unapigapiga mdomoni. Anayeusikia haulizi ni nini, anachukua silaha iliyo karibu, anaupokeza kwa wa mbele yake na kukimbia ulikotokea. Asiyetoka anatozwa faini.

"Na ukiupiga kwa makosa, shemeji?"

Masanja akamega tonge, akalichovya, akala kwanza. "Mwano haurudishwi," akasema.

Basi ningekuwa na akili hapo ndipo ningeishia. Lakini alasiri ile watu wote walikuwa shambani, nimebaki peke yangu, nikahisi vidole vinawasha (waliowahi kuacha sigara wananielewa). Nikaenda kwenye soksi. Mtandao wa intaneti pale unapatikana sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya zizi, na unatakiwa usimame wima, kwa hiyo hebu mfikirieni fundi mzima wa Mtendeni amesimama juu ya kichuguu amevaa shati la maua alilojishonea mwenyewe, simu juu. Meseji zikaanza kumiminika. Nikafungua sauti ya kwanza, mwanaume anahema, anasema wale wezi wa watoto wameonekana wanaelekea Igunga, gari jeupe, tahadharini sana.

Ziba iko Igunga.

Nikainua macho. Kule barabarani, chini ya shamba, gari jeupe limesimama.

Nawaapia sikuongeza chumvi, jeupe kabisa. Mwanaume akashuka, shati safi, akainama kwenye majani, na alipoinuka alikuwa amembeba mtoto, na mtoto ana gauni jekundu, na analia kilio ambacho nilikisikia mpaka juu ya kichuguu. Kifuani kwa yule mtu kuna damu. Akamtia mtoto ndani, akafunga mlango.

Ningeweza kumwita dada, alikuwa shamba la pili tu. Ningeweza kukimbia mwenyewe barabarani nikauliza. Sikufanya hata kimoja, mkono ulikuwa tayari mdomoni, na sauti iliyotoka sijui nilikuwa nimeificha wapi miaka yote hiyo. Uuuuwi! Mwizi wa watoto!

Mwangwi haukuwahi hata kuisha. Kutoka kwenye pamba ikajibu sauti moja, halafu nyingine ng'ambo ya bonde, halafu filimbi, halafu mwano wangu nikausikia unakwenda mbali, unapokewa na watu nisiowajua, unapanda kilima kile na kushuka upande wa pili. Kwa kitambo nikajiona shujaa. Wanaume wakachomoka mashambani na majembe, wengine na pinde na mishale, akina mama na michi, na wachungaji wakaswaga ng'ombe wao mpaka katikati ya barabara, gari likakosa pa kupita.

Nikashuka kichuguu kwa makalio, kiatu kimoja kikabaki huko, nikakimbia. Nilipofika kioo cha gari kilikuwa kimeshavunjwa na yule mtu yuko chini, amepiga magoti kwenye vumbi, mikono kichwani, mdomo unafunguka na kufunga lakini maneno hayatoki. Watu wamemzunguka. Kijana mmoja mwenye rungu anasema, "Tuanze naye, maswali baadaye!" na wenzake wanaitikia. Na mimi nikachungulia ndani ya gari kumtazama Kulwa.

Mguu wake ulikuwa umefungwa kitambaa, vizuri kabisa, na kitambaa kimelowa damu. Pembeni kwenye kiti kuna jembe dogo.

Hapo nikaelewa. Mtoto amejikata na jembe, mtu huyu alikuwa anapita, akamfunga mguu, akambeba kumpeleka zahanati. Niseme kweli, wazo langu la kwanza halikuwa huyu mtu. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba nikifungua mdomo, mishale yote hii inageuka upande wangu, na nyuma yangu kulikuwa na uwazi kidogo wa kutosha mtu kupenya akaenda zake.

Masanja akafika anahema, upinde begani. Hata mwanawe hakumtazama kwanza, akanyoosha mkono juu, watu wakapunguza sauti.

"Nani kapiga mwano?"

Kumbe ndio utaratibu wao, aliyepiga mwano anasimama mbele ya wote na kusema alichokiona, kabla hajaguswa mtu (kile kioo kilivunjwa na waliotangulia kumfikia). Sehemu hii Masanja hakunieleza siku ile, au alinieleza mimi nikawa naangalia nyama.

"Nani kapiga mwano?" akarudia, na yule kijana wa rungu akapiga hatua kumwelekea yule mtu. Nikamwona yule mtu amefumba macho. Anasubiri.

"Mimi," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya Doto.

Masanja akanigeukia. "Shemeji. Uliona nini?"

"Niliona gari jeupe."

"Na nini?"

"Mtoto analia. Na damu."

"Na nini tena?"

Nikafungua mdomo kumwambia kuhusu mtu mpole anayevaa vizuri, na wenzake waliotawanyika, na watoto wanaopelekwa mbali wasionekane tena, na nikagundua kwamba yote hayo sikuyaona. Sikuwahi kumwona hata mwizi mmoja wa watoto maishani mwangu. Simu bado ilikuwa mkononi, nikaiinua kama mtoto aliyekamatwa akilamba sukari.

"Mengine niliyasoma humu," nikasema. "Huyu mtu hana kosa. Kosa ni langu."

Kulwa naye ndani ya gari akapata sauti, akalia, "Baba, mguu unauma! Anko alisema tunakwenda kwa daktari!" Na dada Hadija akatokea mbio kutoka shambani, akasukuma watu, akamwona yule mtu chini na kupiga kelele, "Huyu ni Elia! Huyu ni Elia mnunuzi wa choroko, amepanga pale senta msimu wote huu! Mnamfanya nini?"

Kijana akashusha rungu. Elia hakuinuka. Alibaki amepiga magoti, na walipomwuliza anataka nini akasema maji. Alipokunywa nusu yake ikamwagikia shatini, juu ya damu ya mtoto wetu. Nikamwomba msamaha, akatikisa kichwa bila kunitazama, nikawa sijui kama amenikubalia au amenikataa. Masanja akakaa naye ndani ya gari, wakampeleka Kulwa zahanati, akashonwa, akapona.

Lakini ule mwano haukuwa umesimama. Ulikuwa bado unatembea huko mbele, kijiji kwa kijiji, na watu walikuwa bado wanakuja, mabonge ya watu, wamekimbia mbali, wana hasira na jasho na silaha. Kabla ya kuondoka Masanja alinipa adhabu yangu ya kwanza (ya pili ilikuwa mbuzi, waliliwa na waliokusanyika, na mimi nikapewa kipande, sijawahi kutafuna nyama ngumu namna ile). Nilitakiwa nisimame njia panda, mguu mmoja peku, na kila kundi linalofika niliambie kwa mdomo wangu.

"Hakuna mwizi, wazee wangu, shikamooni, rudini nyumbani. Nimepiga mwano bure. Ni mimi."

Wengine walicheka, wengine walitema mate. Bibi mmoja aliyekuja na mchi wake alinizunguka, akanitazama shati, akaniuliza kama kwetu mjini tunalipwa kwa kazi hiyo. Vijana wakawa wananipiga picha, nami sikuwa na uso wa kuwakataza. Nikasimama pale mpaka jua linazama, na kila kundi lilipotokeza kwenye vumbi roho yangu ilikuwa inaruka upya, kwa sababu sikujua kama watanisikiliza kabla ya kunifikia.

Nilipomaliza ndipo simu, ambayo Zuhura alishagundua kwamba sikuiacha, ikalia. Zuhura. Analia.

"Baba Salma, uko wapi? Uko hai? Mbona wanasema..."

"Wanasema nini?"

"Fungua kundi la mtaa."

Nikapanda kichuguu. Picha ilikuwa ya kwanza kabisa: mtu mwenye shati la maua, kiatu kimoja, amesimama njia panda katikati ya watu wenye mishale. Chini yake imeandikwa kwamba mwizi sugu wa watoto hatimaye amekamatwa Ziba, na amekiri mwenyewe. Watumie wote uwapendao. Aliyeileta kundini ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye suruali aliyovaa siku hiyo nilimshonea mimi, na alikuwa ameongeza kwamba mtu huyu anatisha hata kwa sura.

Niliporudi Mtendeni mama mmoja aliyekuwa akiniletea sare za watoto wake miaka yote alimvuta mwanawe nyuma ya kanga nilipompita. Anajua jina langu. Anajua nyumba yangu. Nilimwelewa kabisa, kwa sababu wiki moja nyuma ningefanya vilevile.

Siku hizi dukani kwangu redio inafunguliwa mara moja, saa saba, Zuhura anapoleta chakula, tunasikiliza pamoja, ikiisha anaizima mwenyewe. Simu inakaa nyumbani. Kundi la mtaa nimetoka, na mtu akija dukani na habari yake namuuliza swali la Masanja, uliona nini, na nini, na nini tena, mpaka amekasirika ameondoka (wateja nimepoteza kidogo). Woga haujaisha wote, bado Salma akipotea nyuma ya nyumba moyo unaniruka, lakini sasa nakwenda kutazama kabla sijaita.

Kinachoniuma hakiko kwenye ile picha. Siku ya kuondoka Ziba nilikwenda senta kumuaga Elia, nikamkuta anapima choroko, kioo cha gari amekiziba kwa gunia. Nikamwomba msamaha tena. Safari hii alinitazama, akasema amenisamehe, na naamini alinisamehe kweli. Halafu akafunga mdomo wa gunia, akasema polepole kama anayezungumza na nafsi yake:

"Ila siku nyingine nikimkuta mtoto anatoka damu barabarani, sijui kama nitasimama."