Injini Mbili za Kaka Zangu

Kaka zangu hawakujua kuogelea, hata mmoja. Naanza na hilo kwa sababu wao wenyewe hawakulifikiria walipoamua kuwa na boti.

Tulizaliwa karibu na Suneka, kwenye migomba na mvua za kila alasiri, ambako mto wetu mkubwa mbuzi anauruka. Kaka mkubwa alikuwa karani kwenye kiwanda cha chai huko Itumbe, mtu wa tai na kalamu mfukoni. Yule mdogo alikuwa na lori kuukuu Keroka, na sauti ya kutosha malori manne. Mimi dada yao nilichuuza ndizi. Nilizipeleka ziwani, kisha ng'ambo ya ghuba, na mwanzoni mwa miaka ya sabini barabara ya kuizunguka ghuba ile ilikuwa tope tupu. Siku moja nikalalamika tukila kwa mama. Basi, wakapata kisingizio cha boti.

Mkubwa alikuwa ameona Kisumu boti ya mzungu: mitumbwi miwili myembamba iliyolazwa sambamba, ikaunganishwa kwa jukwaa la mbao, na kila mtumbwi una injini yake nyuma.

"Inaitwa ka-ta-ma-ra-ni," alituambia, akilikata neno vipande kama anayefundisha watoto kusoma.

Fundi wa ziwani akawajengea boti ufukweni. Ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Lakini injini kila mmoja alinunua yake, na kuanzia hapo hapakuwa tena na boti ya familia. Palikuwa na injini ya huyu na injini ya yule.

Jumapili moja walizileta uani kwa mama wazijaribu. Wakazifunga kwenye mapipa mawili ya maji, wakavuta kamba, na moshi wa petroli na oili ukafunika migomba. Kuku wakakimbilia kwa jirani. Watu waliotoka kanisani wakasimama uani na nguo zao safi, wakamwagiwa maji.

"Sikieni hiyo nguvu!" mdogo akapiga kelele.

"Nguvu ya kusaga mahindi," mkubwa akajibu. "Yangu ni mashine ya watu waliosoma."

Mama aliingia ndani akafunga mlango.

Wiki iliyofuata tukashuka ziwani na lori, mimi nikiwa na mikungu yangu. Fundi akazipachika injini, kila moja nyuma ya mtumbwi wake, akaeleza kwa upole.

"Wazee, ziwe kimo kimoja. Bamba hili lililo juu ya rafadha, hili panga linalosukuma maji, lilingane na tako la mtumbwi. Ukipandisha sana, rafadha itameza hewa. Ukishusha sana, italemewa. Halafu tuziunge kwa chuma hiki zigeuke pamoja, ashike usukani mtu mmoja."

"Mtu gani?" wakauliza wote wawili, kwa pamoja.

Fundi akanitazama mimi. Nikatazama maji.

Chuma kikabaki mchangani. Mkubwa akaipandisha injini yake, eti isikwaruzwe na mawe. Mdogo akaishusha yake hadi ikagota, apate nguvu. Kila mmoja akakaa nyuma ya mtumbwi wake, mgongo wima, kama madereva wawili wa basi moja. Mikungu yangu ikapangwa katikati ya jukwaa, nami nikakaa juu yake.

Tulisukumwa. Injini zikawaka. Ya mkubwa ikalia kwa uchungu ikimeza hewa, ya mdogo ikavuta, na boti ikageuka upande. Ikaendelea kugeuka. Nikauona ufuko, nikaliona ziwa, nikauona ufuko tena.

"Punguza!" mkubwa akafoka.

"Ongeza wewe! Karani gani huyo!"

"Wewe unaendesha kama umebeba ng'ombe!"

"Zimeni zote mbili!" nikapiga kelele. Hakuna aliyezima, maana wa kwanza kuzima angekuwa ameshindwa. Mikungu ikaanza kuteleza upande wa mdogo, mtumbwi wake ukazama hadi maji yakamlowesha suruali, na ndipo alipokumbuka kwamba hajui kuogelea. Akazima. Mkubwa naye akazima, akatengeneza tai.

Mvuvi mmoja aliyekuwa akipita kwa makasia akasogea karibu.

"Mnatafuta nini hapo? Mmedondosha pete?"

"Baba," nikamwambia, "unaelekea ng'ambo?"

Akasema ndiyo. Nikaanza kumpa mikungu, mmoja baada ya mwingine, kisha nikahamia mtumbwini mwake.

"Dada, unatuacha?" mkubwa akauliza, sasa kwa sauti ndogo.

"Mna injini mbili," nikamjibu. "Mimi nina ndizi zitakazoiva."

Nilifika sokoni, nikauza. Wao walivutwa ufukweni kwa kamba, watu wakicheka, na mwaka mzima hawakusemezana. Kisha wakaigawa boti. Walilikata jukwaa katikati kwa msumeno, kila mmoja akachukua mtumbwi na injini yake, na hakuna hata mtumbwi mmoja uliokubali kusimama peke yake. Ukiutia majini unalala ubavu. Wa mkubwa ulioza ufukweni. Mdogo aliupakia wake kwenye lori hadi nyumbani, akautia chumvi, ng'ombe wakaulamba miaka mingi.

Ukiwauliza, kila mmoja atakuambia kwamba injini yake haikuwa na kasoro.