Kereng'ende Mwekundu wa Bibi

Nilipokuwa mtoto kule Kidete, kereng'ende wa buluu tuliwafunga uzi mkiani tukawarusha, na wa manjano tuliwakimbiza mpaka matete yakatuchana miguu. Mwekundu, wee, thubutu! Mwekundu alikuwa Baba Mdogo Hamisi.

Baba Mdogo alichukuliwa na Mto Mkondoa kabla sijazaliwa. Baba yangu, kaka yake, aliruka kumfuata, akamshika mkono, ukamponyoka. Maiti haikupatikana. Wazee wetu waliamini kwamba aliyezama asizikwe hurudi kuwatazama nduguze akiwa kereng'ende mwekundu, basi Bibi akakataa kata kata kuweka matanga. Jioni alitupeleka ukingoni. Akitua mmoja, tunasema, "Shikamoo, Baba Mdogo," na Bibi anaitikia kwa niaba yake, "Marahaba." Kisha anampa habari za nyumbani: nani kaolewa, mahindi yamekubali au yamegoma. Mimi nilimpenda yule baba mdogo kuliko ami zangu waliokuwa hai.

Ulipokuja ujamaa tukahamishiwa kijiji kipya, huko juu, mbali na mto. Viwanja vimenyooka, bomba tumeahidiwa. Maji hakuna, kereng'ende hakuna. Kila asubuhi Bibi aliweka beseni la maji mlangoni.

"Hamisi hapajui huku," alisema. "Nani atamwelekeza?"

Akaanza kususa chakula. Uji unapoa, anaurudisha.

Baba hakuwa mtu wa maneno. Siku moja aliondoka alfajiri, akarudi jua la utosini, matope mpaka magotini, mkononi kibuyu kilichozibwa kwa jani la mgomba.

"Mama, nimekuletea Hamisi."

Jamani, uso wa Bibi! Alicheka kama msichana. Sisi watoto tukajipanga mlangoni tayari kuamkia. Bibi akazibua kibuyu, akachungulia. Joto la njiani lilikuwa limeshamuua.

"Shikamoo, Baba Mdogo," akasema mdogo wangu, ambaye hakuwa ameona kitu.

Hakuna aliyeitikia.

Bibi hakumgombeza Baba. Alichana pindo la shuka lake jeupe, akamviringisha kereng'ende, akamwambia Baba achimbe. Udongo ulipofukiwa ndipo alipopiga yowe ambalo sijalisikia tena maishani. Majirani wakaja mbio kuuliza nani kafariki. Tukawaambia Hamisi, wakakaa chini wakalia nasi.

Hakufika masika, maskini Bibi yangu.

Shuleni nilikuja kufundishwa kwamba kereng'ende haishi sana, kwa hiyo yule wa kila mwaka alikuwa mwingine. Naamini Bibi alijua, mtu aliyezaliwa mtoni. Watu walisema ameuawa na kule kuhamishwa. Mimi nasema alikufa kwa sababu hatimaye alipata maiti. Baba alimtoa mdogo wake mtoni, akamfikisha kwa mama yao, na hilo hakujisamehe mpaka tunamzika.