Gitaa Alilonunua Mama kwa Ajili ya Uongo Wangu

Aliyetuletea kisa hiki ni mwanafunzi. Ameomba jina lake na la shule yake visitajwe, nasi tumemkubalia. Msomeni kwa utulivu.

Ndugu wasomaji, mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tatu katika shule ya bweni Iringa. Nyumbani ni Ilomba, Mbeya, ambako mama hubaki peke yake nikiwa shuleni. Mimi si mwongeaji. Hata mwalimu akiniuliza swali ninalolijua, sauti huniishia kooni. Labda ndiyo maana naandika.

Nina kaka mmoja tu. Baba alipofariki, tukiwa bado kwenye matanga, kaka alikaa nyuma ya nyumba akapiga gitaa lake taratibu. Wazee wakanung'unika kwamba mtoto wa marehemu anafanya muziki msibani. Mama, kwa uchungu na aibu, alimnyang'anya gitaa akalitia kwenye moto wa kupikia. Matanga yalipokwisha kaka alivuka mpaka kwenda Zambia, na hatukumsikia tena. Tangu hapo mama hakuwasha tena lile jiko la kuni la nje. Alipikia mkaa, ndani.

Likizo iliyopita dereva mmoja wa lori alisimama mlangoni na santuri kubwa kutoka huko Zambia. Juu ya jalada walikuwa vijana wanne wenye nywele nyingi, hakuna aliyetabasamu. Akauliza, "Mama, huyu wa mwisho si mwanao?" Mama alilishika jalada kwa mikono miwili, akawa anasema, "Ndaga, baba, ndaga," mpaka yule dereva akaona haya kwa kushukuriwa vile.

Tuliiweka kwenye gramafoni ya marehemu baba. Sikuwahi kusikia muziki wa namna ile. Haukuwa dansi wala kwaya. Magitaa yalivuma kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe, ngoma zilikwenda polepole kama watu wanaorudi kutoka kuzika, na sauti ya kaka ilikuwa nzito, imechoka. Tangu baba afe nilikuwa na kitu kifuani nisichokijua jina. Santuri ile ilikijua. Niliirudia mchana kutwa, mvua ikinyesha.

Jirani yetu, Mama Tumaini, alichungulia akauliza, "Mwenzangu, huyu mwanao anaimba au anaumwa jino?"

"Anaimba," mama akajibu. "Ila jino nalo huenda linamuuma." Wakacheka wote wawili. Nilikuwa nimesahau kicheko cha mama.

Shida ni wimbo wa mwisho. Ni wa Kiingereza, kama nyimbo nyingine zote, lakini katikati kaka analitaja neno "mama" kwa lugha yetu. Anaimba kwamba siku ile mama alimchoma yeye pamoja na gitaa, kwamba aliyeondoka ni moshi, na moshi haurudi jikoni. Anasema asitafutwe, hana mama.

"Amenitaja," mama akasema. "Anasemaje?"

Niliinua sindano ya gramafoni.

"Msomi wetu ni wewe. Sema." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, kama mtoto, "Anasema amenisamehe?"

Nikasema, "Ndiyo, mama. Amekusamehe. Anatamani kukuona."

Jioni ile aliwasha jiko la nje. Siku zilizofuata alipalilia maharage huku akiuimba wimbo ule kwa kufuatisha sauti tu, uso wake umefunguka. Anaimba jinsi alivyokataliwa, naye anadhani anaimba msamaha. Na kuna jambo ninaloona aibu kulisema: katika santuri nzima, wimbo ule ndio ninaoupenda zaidi. Kaka anasema humo mambo ambayo mimi nisingethubutu kumwambia mama.

Nilirudi shuleni nikidhani yataishia hapo. Juzi mwenzangu wa Ilomba aliyechelewa kurudi ameniletea salamu za mama. Shule ikifungwa, mama na mimi tutapanda treni kwenda kumtafuta kaka. Mimi ndiye wa kuuliza njia kwa Kiingereza. Mama amepata gitaa sokoni Mbalizi. Hajui hata linashikwaje. Mwenzangu anasema amelifunga kwa kanga, na alipokwenda kulionyesha kwa Mama Tumaini alilibeba mgongoni, kama mtoto.

Nikimwambia ukweli, najua jiko lile litazimika, safari hii kwa mkono wangu. Nikinyamaza, atasimama na mzigo ule mgongoni mbele ya mtu aliyeimba kwamba hana mama. Wakati mwingine najidanganya kwamba kaka akiliona gitaa atageuka. Kisha nausikia ule wimbo kichwani, na sauti yake haina mzaha.

Wakubwa zangu, nanyi mliowahi kuwa na ndugu aliyekwenda kwa hasira, nielekezeni kabla shule haijafungwa. Nimvunje moyo mama angali nyumbani, au nimwache apande treni?