Barua Iliyochapwa Kabla ya Kikao

Saa moja kasoro robo asubuhi, karani wa shule ameshafungua ofisi. Anafuta vumbi kwenye kompyuta kwa kitambaa kile kile cha siku zote, anaigonga printa ubavuni mara mbili ili izinduke, kisha anakaa. Leo hana barua ya mtu mwingine ya kuchapa. Ana yake mwenyewe, na inatakiwa mezani kwa mkuu wa shule kabla ya saa nne.

Anaiweka mikono kwenye vibonye, anaiondoa. Anaificha chini ya meza, ananitazama mimi, mwandishi aliyekubali kuongea naye.

"Miaka kumi na saba nachapa," anasema. "Sijawahi kuiogopa kompyuta. Leo naiogopa."

Ni mwanamke wa miaka arobaini na minane, mfupi, mcheshi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Shule nzima inamwita Mama Mashine, jina la enzi za taipureta, alipokuwa akichapa huku anagombana na mtu dirishani na hakosei herufi. Ameomba jina lake halisi lisiandikwe. Mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja, na huu wa sasa umebakiza wiki sita.

Mambo yalianza simu ya mwalimu wa zamu ilipopotea kwenye chumba cha walimu. Msichana wa kidato cha pili, wa miaka kumi na mitano, alikuwa ameonekana akitoka humo. Ikatosha. Jumatatu ya tarehe sita, mkuu wa shule alimwagiza karani aandae kabisa barua ya kumfukuza. Kamati ya nidhamu ingekaa mchana huo na hakutaka kupoteza muda.

Karani hakushangaa. Barua za namna hiyo hazitungwi. Ipo moja ndani ya kompyuta, ya miaka mingi, naye hubadilisha jina, darasa, kosa na tarehe. Aya ya pili haiguswi: "Leo, baada ya kumsikiliza mwanafunzi, kamati imeridhika kuwa ana hatia."

"Nimeichapa aya hiyo mara arobaini na moja. Nilihesabu kwenye faili juzi."

Namuuliza: waliosikilizwa kweli ni wangapi?

Anavua miwani. "Watatu. Wanne, nikijitahidi kukumbuka."

Barua ikachapwa, ikasainiwa, ikagongwa mhuri. Kisha mwenyekiti wa kamati akapata udhuru, kikao kikasogezwa hadi Jumatano, tarehe nane. Barua ikalala kwenye droo, na hakuna aliyeikumbuka tarehe yake.

Jumatano hiyo msichana alikaa kwenye benchi la ofisini, hatua mbili kutoka meza ya karani, tangu saa nane mchana hadi saa kumi. Alikuwa ameandika utetezi wake kwenye karatasi ya daftari. Aliisoma kimya kimya, midomo ikicheza, akaikunja, akaikunjua tena.

"Aliniuliza, 'Mama, nikiingia, nisimame au nikae?' Nikamwambia, 'Simama, mwanangu. Wakikwambia ukae, ndiyo ukae.' Akaniambia alipeleka madaftari tu, na mwalimu aliyemtuma yupo, wamuulize. Nikamwambia, 'Basi utawaeleza hivyo hivyo.' Nami barua yake iko kwenye droo, goti langu linaigusa."

Mlango wa chumba cha kikao ulipofunguliwa, msichana alisimama akidhani ni zamu yake. Wakubwa walikuwa wanatoka. Akapewa bahasha.

Mama yake, mshonaji wa nguo, ndiye aliyegundua. Mtu anayeishi kwa kupima sentimita haachi siku mbili zimpite. Kesho yake alikuja na barua, akainyoosha juu ya meza. "Dada, hapa mnasema mwanangu alisikilizwa tarehe sita. Kikao kilikuwa tarehe nane. Alisikilizwa na nani?"

Ulimi ukamteleza karani. "Hata hiyo tarehe nane hakuingia ndani."

Mshonaji akakata rufaa ofisi ya elimu. Habari zikamfikia mkuu wa shule, na Jumanne wiki hii akamwita karani achape barua. Akaanza kumsomea. Ilikuwa ya kwenda kwa karani mwenyewe. Ajieleze ndani ya saa arobaini na nane kwa nini asichukuliwe hatua kwa kukosea tarehe katika barua rasmi.

"Mchapaji mwingine hakuna, afanyeje?" anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka. "Akasoma, nikachapa. Nikamuuliza hapo kwenye 'rasmi' niweke koma au nukta. Nikaigonga mhuri, nikajikabidhi, nikasaini kwamba nimeipokea." Kicheko kinakatika. "Halafu nikawaza. Mimi mtu mzima nimepewa siku mbili za kujieleza. Yule mtoto hakupewa hata dakika moja."

Kanuni za shule zimebandikwa nyuma ya mlango wa ofisi hiyo hiyo. Kifungu cha tisa kinasema mwanafunzi aelezwe kosa lake kwa maandishi na apewe nafasi ya kujitetea kabla ya adhabu yoyote. Mlango ukiwa wazi, na huwa wazi kutwa, karatasi hiyo inatazama ukuta.

Nilipompigia simu mkuu wa shule, hakuwa na maneno mengi. "Ni kosa la uchapaji. Karani atalieleza."

Hapo ndipo karani alipobanwa. Akiandika kwamba alikosea tarehe, ataonywa, mkataba utaendelea, na ofisi ya elimu itafunga faili msichana akiwa amefukuzwa. Akiandika alichokiona, kibarua kitaota nyasi, na ana watoto wawili wanaosoma.

Mumewe, fundi bomba, hataki hata kujadili. "Andika ulikosea, yaishe," amemwambia. "Nani hakosei tarehe? Mimi mwenyewe sijui leo tarehe ngapi."

"Simlaumu," anasema Mama Mashine. "Naye anaogopa. Siku hizi nyumbani tunanong'ona, utadhani mkuu wa shule kalala chumba cha pili."

Saa tatu na nusu anaanza kuchapa, polepole, yeye aliyezoea kuchapa kama mvua. Viatu vinasikika vikija koridoni, naye anafunika kioo cha kompyuta kwa faili. Vinapita. Anafuta jasho, anaendelea. Mistari mitatu tu. Printa inatoa nakala mbili, naye ananisomea kwa sauti ya chini.

"Tarehe haikukosewa. Barua ilichapwa tarehe sita, kabla ya kikao. Tarehe nane mwanafunzi alikaa kwenye benchi mbele yangu kwa saa mbili, na hakuitwa."

Anasaini zote. Moja ni ya mkuu wa shule. Nyingine ataipeleka mwenyewe ofisi ya elimu saa ya chakula cha mchana, kabla ujasiri haujamwisha. Rufaa itasikilizwa Jumatatu.

"Sisemi hana kosa. Mimi si hakimu," anasema. "Natumaini Jumatatu watamwita ndani, basi. Wamwite kwanza."

Anabisha mlango wa mkuu wa shule. Sauti inatoka ndani, "Subiri hapo nje."

Anarudi na kukaa kwenye benchi, si kwenye kiti chake. Anaikunja karatasi, anaikunjua. Saa ya ukutani inasema saa nne kasoro dakika tano. Ananigeukia, na machoni mwake hakuna utani hata chembe.

"Nikiingia," ananiuliza, "nisimame au nikae?"